Kiti cha Falonne Kimeanza Kuelewa

Bi Sumaiya, mshauri wangu nisiyekujua sura,

Naandika haya mchana, dirisha likiwa wazi na watoto wa mwenye nyumba wakicheza uani, ili usije ukadhani ni ndoto au giza lililonitisha, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujaamua kwamba nina wazimu, kwa sababu hilo nimeshaliwaza mwenyewe, nimeliandikia hoja za pande zote mbili katika daftari, na sijapata hitimisho.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na moja, nasoma falsafa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu hapa Johannesburg, Braamfontein, nilichelewa kuanza kwa ajili ya karatasi za ukimbizi, na naishi peke yangu katika chumba cha nyuma, mtaa wa La Rochelle. Siku zote nimekuwa mtu wa kukaa ndani ya kichwa changu. Naanza na dada yangu, kwa sababu bila yeye hakuna kiti.

Aliitwa Falonne, ingawa mimi nilimwita yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Alinitoa Lubumbashi nikiwa na miaka mitatu, yeye akiwa na kumi na minane, mama yetu akiwa ameshafariki, na hapa alinilea kwa kusuka nywele katika saluni ndogo ya Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, yeye na mwenzake Mamie, na kila nilichokula na kila kitabu nilichofungua kilipita kwanza katika vidole vyake. Alinisemesha Kiswahili cha kwetu nami nikamjibu Kiingereza, miaka nenda miaka rudi, mpaka nilipofika kumi na saba nikaona aibu, nikaanza kujifunza Kiswahili sanifu kwa mwalimu Mtanzania aliyefundisha katika ukumbi wa kanisa, na kwa kusoma magazeti, safu yako ya ushauri ikiwemo. Siku ya kwanza nilipomsemesha dada Kiswahili hicho, aliweka kitana chini akacheka mpaka akakaa sakafuni.

“Mudogo yangu, unasema sawa redio ya Tanzania! Butoni ya kukuzima iko wapi?”

Akawaita wateja waje wanisikilize.

Mwezi wa tatu mwaka huu mapafu yalimzidi akalazwa hospitali. Jumatano alinitumia ujumbe huu, naunakili bila kugusa hata herufi moja:

Mudogo yangu docta anasema kama natoka siku ya posho usikuye soma tu

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi, na usikuye ni usije. Jumamosi hiyo asubuhi nilikuwa na jaribio la mantiki. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumefundishwa sentensi za sharti, zile za “kama hiki, basi kile”, na Lambert, mwalimu wa kikundi chetu, Mrundi mrefu anayetembea na chaki mfukoni ingawa hakuna tena ubao wa chaki chuoni, alikuwa ametuonya kwamba mtu haruki kwenye nusu ya pili ya sentensi ya sharti. Anauliza kwanza, je, sharti limetimia? Mimi niliusoma ujumbe wa dada yangu hivi: daktari anasema, kama natoka Jumamosi, usije, soma tu. Sharti, halafu amri. Nikaruka kwenye amri. Sikupiga simu kuuliza iwapo anatoka kweli au hatoki. Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, Bi Sumaiya, kwamba nilifurahi, nilifurahi kupewa ruhusa ya kutokwenda kwenye ile wodi yenye harufu ya dawa, nikawasha taa ya mezani nikasoma Alhamisi na Ijumaa kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Jumamosi swali la kwanza la jaribio lilikuwa: je, unaweza kuchukua nusu ya pili ya sentensi ya sharti kabla hujathibitisha nusu ya kwanza? Nikaandika hapana, nikaeleza vizuri sana, nikapata alama zote. Nilipotoka nje na kuwasha simu nikakuta Mamie amepiga mara saba. Falonne alifariki saa nne kasoro asubuhi, wakati mimi naandika hapana.

Baada ya mazishi Mamie alinipa vitu vya dada: vitana vyake, kioo kidogo, na kiti chake cha saluni, kwa sababu hakuna msusi aliyekubali kumkalisha mteja hapo. Tulikileta kwa bakkie, pikapu ya jirani yake. Ni kiti cheusi, ngozi imepasuka mkono wa kulia, kina pampu ya kukanyaga kwa mguu ya kumpandisha mteja, na kina uzito ambao mtu mmoja hawezi. Nilikiweka mbele ya meza yangu kwa kuwa chumba hakina mahali pengine.

Sasa, Lambert ana njia yake ya kusoma anayotushurutisha wote. “Ukimaliza ukurasa, funga kitabu,” anasema. “Tafuta kwanza hitimisho la mwandishi, ndipo utafute kauli zinazolibeba. Kisha mweleze kiti kitupu, kwa sauti, kwa maneno yako. Ukikwama mbele ya kiti, hukuelewa. Kiti hakina adabu ya kukuitikia.”

“Na kiti kikielewa, mwalimu?” mmoja wetu akauliza, tukacheka.

“Kikielewa nileteeni, nitakipa kazi ya kusahihisha.”

Mimi nilikuwa na kiti. Kila siku nikirudi, saa tisa alasiri, nilikikanyaga pampu mpaka kikafika juu kabisa, ili mimi na mwanafunzi wangu tutazamane usawa wa macho, kisha nikaanza kueleza. Siku ya kwanza nilikuwa nimefika kwenye tofauti kati ya hoja halali na hoja yenye kauli za kweli, ndege hadeda walikuwa wanapita juu ya bati wakipiga yale makelele yao, na nikasikia kiti kinahema, mhemo uleule niliousikia tangu utoto mteja mnene alipokaa, na mbele ya macho yangu kikashuka, polepole, mpaka chini. Saa kumi kamili. Nikasema, “Karibu,” kwa sababu ndivyo Falonne alivyosema mtu akikaa. Sijui kwa nini nilisema.

Kesho yake kilishuka tena saa kumi, na keshokutwa. Niliandika katika daftari: Mtu akikaa, kiti kinashuka. Kiti kimeshuka. Kwa hiyo mtu amekaa. Nikazitazama sentensi hizo tatu muda mrefu, nikajua kuna kitu hakiko sawa, nikafunga daftari, kwa sababu sikutaka kukiona.

Wiki ya pili kikaanza kuuliza. Sisemi kwamba niliisikia sauti kwa masikio. Ni kwamba sentensi ilifika ikiwa kamili, kutoka upande wa kiti, nami nilikuwa sijaiwaza. Kwanza ni “Kwa nini?” tu. Halafu, “Umetumia neno hilo kwa maana mbili.” Halafu, “Mpinzani wako angesema nini, yule mwerevu, si yule mjinga uliyemtunga?” Nilijibu, nikaandika, alama zangu zikapanda kutoka hamsini na nane hadi themanini na moja, na pembeni mwa insha yangu ya mwezi wa nne Lambert aliandika: “Unabishana na nani nyumbani? Mtu huyo ni hodari.” Nilisoma maneno hayo nikiwa kwenye basi la Rea Vaya, nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu amekaa.

Ningeweza kuishi hivyo. Lakini katikati ya mwezi huu, nikiwa nafafanua sentensi za sharti kwa ajili ya marudio, kiti kilishuka kabla ya saa kumi, haraka, na sentensi ikaja: “Tuchukue mfano. Kama ninatoka Jumamosi, usije. Sikutoka Jumamosi. Kwa hiyo ulipaswa kuja.”

Nilishika meza. Nilikijibu kwa kunong'ona, nikisema hoja hiyo si halali, kwa sababu kukanusha sharti hakukupi haki ya kukanusha nusu ya pili. Ni kosa linalojulikana, limo katika sura ya nne, nikataja hata ukurasa. Kikasema, “Vema. Kwa hiyo hukupaswa kuja?”

Bi Sumaiya, kila siku saa kumi ni swali hilo. Nimejaribu kukaa maktaba, lakini maktaba siwezi kuelewa hata ukurasa mmoja, maneno yananipita, ni mbele ya kiti tu ndipo akili inafunguka, na mtihani ni tarehe tisa mwezi wa sita. Sili vizuri. Nimeacha kupokea simu za Mamie.

Na Alhamisi iliyopita likatokea jambo tofauti, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia kutoka chuoni, mkoba begani, sijakanyaga pampu, sijafungua kitabu, kiti kiko chini pale pale. Sentensi haikutoka kwenye kiti. Ilitoka nyuma yangu, upande wa mlango, na hiyo niliisikia kwa masikio.

“Nilikuambia kama natoka.”

Basi. Hakuna zaidi. Ni sentensi ya sharti iliyokatika: kama natoka, halafu nini? Nifanye nini? Usije? Uje? Nimekaa siku tano nikisubiri nusu ya pili, naacha mlango wazi nikiwa ndani, nahofia kwamba ikija nikiwa chuoni nitaikosa kama nilivyomkosa yeye.

Mamie ameniandikia kwamba amepata msusi mpya, Gradi, na Jumamosi ijayo atakuja na bakkie kuchukua kiti. Nikikitoa na kumbe ni dada yangu, nitakuwa nimemwacha mara ya pili. Nikikataa kukitoa na kumbe si yeye, basi sijui ni nani ninayemfundisha mantiki kila siku saa kumi, na sijui ataishia kuniambia nini. Nisaidie kuamua. Majina waache yalivyo, sina tena cha kuficha isipokuwa langu.

Ni mimi, mwenye chumba cha nyuma, La Rochelle.


BI SUMAIYA ANAJIBU

Binti yangu wa La Rochelle,

Pole. Pole kwa dada, na pole kwa miezi hii yote uliyoibeba kimya kana kwamba msiba nao ni somo la kufaulu peke yako. Nimekusoma mara tatu. Sasa kaa nikueleze, na usikae kwenye kiti hicho.

Kwanza nikugombeze. Umepewa mwalimu, umepewa wanafunzi wenzako darasa zima, umepewa Mamie anayekupigia simu, nawe ukachagua kujadiliana na fanicha. Lambert alisema ueleze kiti ili ujisikie unapokwama. Hakusema ukipikie chai.

Nikiri na langu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimefundisha darasa la sita miaka kumi na minne kabla sijaja Johannesburg, na nilipousoma ujumbe wa dada yako nilifanya kosa lilelile ulilofanya wewe. Niliona “kama”, nikaona sharti. Nilikuwa nimeshaandika nusu ukurasa wa kukushauri juu ya sharti hilo. Halafu nikalitazama lile “usikuye”, nikajiuliza: Sumaiya, hiki Kiswahili unakijua, au unakisoma kwa lugha ya kwenu?

Nikapanda basi kwenda Bertrams kusukwa nywele.

Sikumwambia Mamie nimetumwa na nani. Nilikaa, akanishika kichwa, nikampa kikaratasi nilichonakili maneno ya dada yako, nikamwomba anisomee, nikisema ni ujumbe wa mtu wa Lubumbashi na mimi sikuuelewa. Akausoma kwa sauti. Akasoma: “Docta anasema kama natoka siku ya posho.” Akashusha pumzi. “Usikuye. Soma tu.”

Nikamuuliza, “Na sharti liko wapi?”

“Sharti gani, mama?”

“Hiyo 'kama'. Kama anatoka, asije. Na kama hatoki?”

Akaacha kusuka akanitazama kwenye kioo. “Eish, ninyi watu ba Tanzania. Hakuna 'kama hatoki'. Anasema anatoka! Docta alisema kama anatoka. Ni habari anapana. Sawa vile mimi nakuambia kama una mvi huku nyuma.”

Umesikia, binti? Kwa watu wa kwenu “kama” hubeba kazi mbili. Mara ni sharti, mara ni “kwamba” tupu. Dada yako hakukuwekea sharti lolote. Alikuwa ameambiwa na daktari kwamba Jumamosi anatoka, akaamini, akakupa habari njema, kisha akakwambia kwa neno lake mwenyewe usije, usome. Daktari alidhani vibaya, hayo hutokea. Wewe uliusoma ujumbe wa aliyekulea kwa sarufi ya ukumbi wa kanisa, ukatunga sharti ambalo halikuwapo, na kwa sharti hilo umekuwa ukijihukumu tangu mwezi wa tatu. Swali lile ulipata alama zote. Hukukosea mantiki. Ulikosea Kiswahili cha nyumbani kwako.

Sasa tuje kwa mwanafunzi wako wa saa kumi.

Uliandika: mtu akikaa, kiti kinashuka, kiti kimeshuka, kwa hiyo mtu amekaa. Ulijua kuna kasoro, ukafunga daftari. Lifungue. Kiti chaweza kushuka kwa sababu nyingine. Nilimuuliza Mamie juu ya viti vyake, nikisema hiki nilichokalia kina afadhali. Akacheka mpaka mwenziwe akageuka. “Kuna kimoja cha marehemu dada yangu, huyo Falonne, kilikuwa kinashusha wateja tangu mwaka juzi! Unamwacha mteja juu, unakwenda kuosha kitana, ukirudi yuko chini sawa mutoto. Oili ya pampu inavuja. Falonne alikuwa anakipiga teke, anakitukana kwa Kifaransa.” Unakipandisha saa tisa, binti. Kinashuka saa kumi. Hiyo saa moja ni ya oili. Na siku ile kilipowahi, kamuulize fundi, atakuambia pampu ya hivyo haiweki miadi.

Lakini wewe ni msomi, utaniambia: na yale maneno, je? Haya, tuyapime. Kiti kilikuambia, “Kama ninatoka Jumamosi, usije. Kwa hiyo ulipaswa kuja.” Jumamosi! Usije! Ulipaswa! Miaka kumi na minane umeishi na mwanamke aliyesema siku ya posho na usikuye, na baada ya kufa ndiyo aanze kusema sanifu? Hata ile “kama” yake kiti kimeielewa vibaya, vilevile ulivyoielewa vibaya wewe. Aliyeandika ujumbe hawezi kukosea maana ya ujumbe wake. Huyo kwenye kiti si Falonne. Huyo ni redio ya Tanzania. Mapingamizi yote yale mazuri, yule hodari anayesifiwa na mwalimu wako, ni wewe. Tangu mwanzo ulikuwa unafundisha, unauliza na unajihukumu, peke yako, katika chumba kimoja.

Na lile swali lake la kila siku, “Kwa hiyo hukupaswa kuja?”, jibu lake unalo, ila hofu imekuziba. Hoja mbovu ikianguka, haithibitishi kinyume chake. Haikufungi, haikufungui. Ukitaka kujua kama ulipaswa kwenda, usiulize sentensi. Niulize mimi. Ungepiga simu. Simu moja. Hilo nakupa ulibebe, kwa sababu ni la kweli na ukinyang'anywa utajitungia jingine kubwa zaidi. Lina uzito wake, na ukilibeba vizuri halitaongezeka. Ile furaha uliyoificha ni ya kijana aliyechoka na hofu ya wodi. Dada aliyesema “soma tu” alikuwa anaijua, ndiyo maana akakupa ruhusa kabla hujaiomba.

Sasa nisikilize, na haya si ya kujadili.

Jumamosi kiti kinaondoka. Usimwachie Mamie na dereva wabebe peke yao, shika upande mmoja, nenda nacho mpaka Bertrams. Fundi akikitia oili, wewe uwe mteja wa kwanza. Kaa mwenyewe. Mwambie Mamie akusuke, na anapokusuka mweleze somo la sentensi za sharti, kwa Kiswahili cha kwao, ukianza na “kama” zile mbili. Kiti kitupu kinafaa kwa wiki ya kwanza, baada ya hapo mtu anahitaji uso. Ukimaliza muulize ameelewa nini. Aliye hai atakuambia hakuelewa, atakukatiza, atakuuliza umekula nini. Hapo ndipo utajua uko na mtu.

Kuanzia leo, kila pingamizi unaloliandika katika daftari, andika na jina la aliyelitoa. Likiwa lako, andika jina lako, kwa wino. Tafuta wenzako wawili wa kusoma nao saa tisa hadi saa kumi na moja, hukohuko Braamfontein, mahali penye watu wanaopita. Kesho asubuhi nenda kwa Lambert umwambie kwamba umefiwa. Umeandika kurasa kibao kwangu na hakuna mahali uliposema amejua. Chuo chako kina washauri wa wanafunzi, mlango wao ukaugonge wiki hii hii, uwaeleze kuhusu kula na kuhusu sauti, yote mawili, bila kuyapamba. Wakisema mtihani usogezwe, usibishe. Na upokee simu ya Mamie leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Amefiwa naye.

Nimebakiza ile sentensi ya Alhamisi. Ningeweza kuiacha, lakini ungejua nimeiacha.

Nilikuwa nimeiandika nyuma ya kile kikaratasi. Mamie alipokigeuza aliisoma kabla sijamwambia asome, kimyakimya, nikaona kwenye kioo mikono yake imesimama juu ya kichwa changu. Nikamuuliza, “Na hii nayo ni habari? Au imekatika?”

“Haikukatika,” akasema. “Imeisha. Nilikuambia kama natoka. Alisema kwamba anaenda, na alikuambia.” Akakigeuza tena kikaratasi. “Nani alisema hii, mama?”

Nikakichukua nikakikunja.

Nimeipima sentensi hiyo kwa kipimo kilekile nilichopimia nyingine, na nikuambie ukweli, matokeo si yale yale. Zile nyingine zote ni Kiswahili chako. Hii siyo. “Kama” hiyo wewe huijui. Umekaa siku tano ukiisubiri nusu ya pili, maana yake hukuielewa, na mtu hawezi kujitungia jambo asilolielewa. Au anaweza. Huenda ni kumbukumbu, umekisikia Kiswahili cha Lubumbashi cha dada yako tangu una miaka mitatu, na kichwa hutunza vitu visivyoombwa. Ndivyo ninavyojiambia. Sitakuapia. Mimi pia tangu niliporudi kutoka Bertrams nimekuwa nikiutazama mlango wangu zaidi ya kawaida.

Lakini kwa vyovyote vile, binti, acha kusubiri. Funga mlango ukiwa ndani, ufungue ukitoka, kama watu wengine. Hakuna nusu ya pili inayokuja.

Nikiwa nasimama kuondoka nilimuuliza Mamie, huko kwenu mtu akiambiwa hivyo, hujibu nini?

Alikuwa anafagia nywele. Hakuinua kichwa.

“Anajibu tu: nimesikia, yaya. Enda muzuri.”